Harambee ya wakazi wa kando ya mto Nabuyonga, Mbale: tuchangieni mhandisi na mpimaji, tukadai fungu letu

Ndugu zetu mlio Mbale, Kampala, Nairobi na ng'ambo,

Tunawaomba mchango, na tunataka mjue mapema kwamba safari hii hatuombi mablanketi wala unga. Hivyo mlitupa mwaka 2022, baada ya usiku wa kuamkia Julai 31, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipovunja kingo na kuua watu zaidi ya 20 jijini kwetu Mbale, mashariki mwa Uganda, na vijiji vya jirani. Mungu awalipe. Leo tunaomba pesa za mpimaji, mhandisi na mkaguzi wa hesabu, na tunaomba mtusikilize sababu zetu.

Pesa za umma za kukabili mabadiliko ya tabianchi zipo, na Uganda imezipata. Mwaka 2016 mfuko wa kimataifa uitwao Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha dola milioni 24.1 za kurejesha ardhi oevu za mashariki na kusini-magharibi mwa nchi yetu. Ni kazi njema. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon tunajua kinamasi kikifukiwa maji yanahamia kwa nani. Ila mfuko huo hutoa pesa kupitia taasisi zilizopewa ithibati tu, na hata daraja la miradi unayoiita midogo kabisa hufika dola milioni 10. Kutoka huko hadi kwenye nyumba zetu za udongo kuna ofisi nyingi, na kila ofisi ina karatasi zake.

Kuna mahali fungu la maskini katika pesa hizi limetungiwa sheria. Katika jimbo la California, Marekani, viwanda hununua kwa mnada vibali vya kutoa hewa chafu, na mapato huingia mfuko wa jimbo. Sheria ya mwaka 2012 iliagiza angalau asilimia 25 ya fedha hizo ziwanufaishe watu wa maeneo yaliyolemewa na umaskini na uchafuzi. Mwaka 2016 fungu likafika asilimia 35, wakihesabiwa pia wenye kipato cha chini. Jimbo likachora ramani ya kuonyesha maeneo hayo ni yapi hasa, ili asije mtu akadai fungu lisilo lake. Mjini Fresno wakazi walikaa mikutanoni wakachagua wenyewe miradi ya mtaa wao. Na kwa jirani zetu wa Kenya, kaunti ya Makueni ilitunga kanuni mwaka 2015 za kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi, na kamati za wodi ndizo hupendekeza kazi ya kufanywa. Mwenye kiu ndiye anayesema kisima kichimbwe wapi.

Hapa kwetu, Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2021 imezipa wilaya wajibu wa kupanga na kutekeleza. Sisi tunataka zaidi: fungu la mitaa maskini litajwe kwa asilimia, tena kwa maandishi. Hilo tutaendelea kulidai barazani na kwa madiwani wetu. Lakini mvua haisubiri bunge.

Upo mlango mdogo ulio wazi kwa vikundi kama chetu: Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, ambayo kwa miaka mingi imesimamiwa na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na ambayo kwa miaka mingi ilitoa hadi dola 50,000, karibu shilingi milioni 180 za kwetu. Nayo huuliza wenyeji wamechangia nini. Ofisi moja tuliyoiendea na barua yetu ilitupokea kwa heshima, ikatuuliza: cheti cha usajili? Hesabu zilizokaguliwa? Ramani ya mafuriko? Mchoro wa mhandisi? Hatukuwa na hata kimoja. Mwenye uwezo humlipa mshauri akaandikiwa vyote. Ndivyo pesa iliyotengwa kwa walioumia zaidi inavyoishia kwa waliojiandaa zaidi, na linatuuma kwa sababu waliokufa mwaka 2022 hawakukosa haki ya pesa hizo, walikosa faili.

Tunahitaji shilingi milioni 14. Milioni 6 ni za mpimaji na mhandisi, milioni 2 za usajili, akaunti ya benki na ukaguzi. Milioni 6 zilizobaki zitanunua mawe na nyavu za waya za kuimarisha sehemu ya ukingo iliyomomonyoka vibaya, pamoja na miche ya mianzi. Mizizi ya mianzi hushika udongo, na hapa Bugisu hakuna wa kutufundisha kuitunza, maana malewa, machipukizi ya mianzi, tumeyala tangu utotoni.

Wapo watakaosema: kwa nini msihame? Familia zilizo ukingoni kabisa zimekubali kusogea, na mpimaji ndiye atakayetuonyesha mstari. Wengi wetu ni wapangaji, Wagisu, Waiteso, Wakaramojong na Wanubi, na kodi tunayoimudu iko hapa. Tukihama sisi, watapanga wengine maskini kama sisi.

Nguvu kazi ni yetu. Kila Jumamosi asubuhi tunatoka kwa bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, kuzibua mitaro, na kikundi cha akina mama cha akiba kimeshatoa shilingi milioni moja na nusu kutoka kwenye sanduku lake. Mchanga tutasomba wenyewe.

Harambee itafanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi, baada ya kazi ya mitaro. Imamu na mchungaji watakuwapo. Mlio mbali mtume kwa simu kupitia mweka hazina. Namba yake mtapewa na mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC1), msikubali namba nyingine yoyote. Kila mchango utaandikiwa risiti, na orodha ya mapato na matumizi itabandikwa ukutani kwa mwenyekiti kila mwezi. Kama wewe ni mpimaji au mhandisi na unaweza kutupa siku chache bila malipo, njoo: utakuwa umetuchangia mamilioni. Njoo na viatu vya matope.