Mjomba, kabla hatujamhukumu yule kijana

Mjomba, shikamoo.

Natumaini mguu umepata nafuu. Nakuandikia kwa sababu ya neno ulilolisema siku ile baada ya kula, kuhusu yule kijana aliyekamatwa na betri ya gari. "Kesi ya nini? Kwa makauboi angekuwa ameshaning'inizwa." Wenzetu walicheka. Mimi nilinyamaza, maana wewe ndiye uliyenifundisha kuzipenda filamu hizo. Ulikuwa ukinishika mkono mpaka kibanda umiza, na mambo yakichacha unaninong'oneza, tulia, steringi hafi.

Nimekaa nikawaza kwa nini tulikuwa tunapiga makofi steringi akilipiza. Ni kwamba tulishaonyeshwa. Tangu mwanzo tunamwona aliyechoma nyumba na aliyemuua baba wa watu, kwa hiyo risasi ya mwisho ikilia, roho zetu zimetulia. Siku ile mtaani nani alituonyesha? Tulisikia kelele za "mwizi!", tukaona betri, basi.

Nakuomba uitazame The Ox-Bow Incident ya William Wellman, ya mwaka 1943. Ni fupi na haina rangi. Tuko Nevada, mwaka 1885. Habari inafika baa kwamba mfugaji Kinkaid ameuawa na ng'ombe wake wameibwa. Sherifu hayupo. Naibu wake anawaapisha watu bila kuwa na mamlaka hayo, wanapanda farasi. Usiku wanawakuta wanaume watatu wamelala, wana ng'ombe wa Kinkaid. Martin, mwenye mke na watoto wawili, anasema amewanunua, ila hati ya mauzo hana. Inapigwa kura, na ni saba tu wanaotaka warudishwe mjini wakahukumiwe. Mmoja wao ni Sparks, mhubiri mweusi, ambaye utotoni alimwona ndugu yake wa damu akinyongwa na kundi la watu. Alfajiri wote watatu wananyongwa.

Njiani kurudi wanakutana na sherifu. Kinkaid hakufa.

Mjomba, filamu hii haituonyeshi aliyempiga Kinkaid risasi. Tunajua kile tu wanachokijua wale wapanda farasi, na mara ya kwanza mimi nilimshuku Martin kabisa. Nilipofika kwenye barua nikaona aibu. Martin alikuwa amemwandikia mke wake kabla ya kufa, na Henry Fonda, anayeigiza mmoja wa wale wapanda farasi, anaisoma barua hiyo baa, mbele ya rafiki yake asiyejua kusoma. Ukingo wa kofia ya rafiki unayafunika macho ya Fonda, tunabaki tunautazama mdomo wake ukitamka neno baada ya neno. Wanaume wamesimama kaunta kimya. Wameshamchangia mjane dola 500.

Najua utaniuliza, na sheria ikimwonea mnyonge je? Swali ni la haki, na Unforgiven ya mwaka 1992 imejengwa juu yake. Mwanamke wa danguro anachanwa uso kwa kisu, na sherifu anawatoza wahalifu farasi, tena farasi wenyewe wanapewa mwenye baa, kana kwamba kilichoharibiwa ni mali yake. Wanawake wenzake wanachanga dola 1,000 za kumlipa atakayewaua wahalifu hao. Hasira yao naielewa, ningekuwa nayo hata mimi. Lakini anayetangulia kufa ni Davey, kijana ambaye kisu hakukishika, na ambaye alikuwa amemletea yule mwanamke farasi wa ziada, mzuri kuliko wote. Anapigwa risasi ya tumbo, anajikokota mawe kwa mawe akilia kiu. Clint Eastwood, steringi aliyeifuata pesa hiyo na kumpiga risasi, hawezi kuvumilia kumsikiliza. Anawapigia kelele wenzake Davey wampe maji.

Yule wa betri anakaribiana naye umri. Nilikuwa karibu naye walipomvua shati, alikuwa anataja jina la fundi mmoja, analirudia na kulirudia, na hakuna aliyekwenda kumuuliza huyo fundi. Mimi sijui kama aliiba. Wewe pia hujui, Mjomba wangu.

Jumamosi nakuja na flashi. Tukifika ule usiku wa kura, tutaisimamisha kidogo, uniambie ungesimama upande gani.

Mpwa wako.