Wifi Amezipiga Msasa Sanamu za Wanangu, na Mume Wangu Asema Ni Unga Tu

Dada Mshauri,

Salamu na heshima. Nakuandikia usiku huu kwa sababu usingizi umenikataa, na kwa sababu kila ninayemweleza jambo hili hucheka kabla sijamaliza, kisha huniambia nimshukuru Mungu kwa kunijalia wifi mwenye mikono ya kazi. Mikono yake ni ya kazi, sibishi. Hilo halijawahi kuwa ugomvi baina yetu, na naomba ulishike tangu mwanzo ili usije ukanijibu kwamba namwonea kijicho.

Kilichonikaa kooni ni hiki: amezipiga msasa zile sanamu za pango la Krismasi, la kuzaliwa kwa Yesu, tulizofinyanga mimi na wanangu. Hakuzisogeza tu, wala hakuzifunika kwa zake zilizo nzuri zaidi, mambo ambayo ningeyameza nikanyamaza kama nilivyomeza mengine. Alichukua karatasi ya msasa, watoto wakiwa wamelala na mimi nikiwa kazini zamu ya usiku, akazisugua moja baada ya nyingine mpaka zikawa laini, akazipaka rangi upya, na juu ya rangi akapaka vanishi. Nilipoingia asubuhi zilikuwa zinang'aa kama zimetoka dukani, na mgongoni mwa kondoo ile alama ya kidole gumba cha mwanangu mdogo haikuwapo tena.

Wewe unawajua watoto, kwa hiyo sitakueleza mengi. Kila Majilio mimi na wanangu hutengeneza mapambo ya Krismasi kwa mikono yetu. Mama mkwe aliwahi kuniuliza mbele ya wageni kama mwanawe amefilisika kiasi cha kupamba nyumba kwa karatasi, nami nilimjibu kwa adabu kwamba mwanawe hajafilisika. Si ubahili, Dada. Nataka watoto hawa wakue wakijua kwamba sikukuu huandaliwa na watu wa nyumba ile ile, kwa muda wao na kwa vidole vyao, hata kama mnyororo wa karatasi una pete moja kubwa kuliko nyingine na nyota ina pembe nne upande mmoja na moja upande wa pili. Mkubwa ana miaka 6 na anaukata mstari ulionyooka kwa mkasi wa ncha butu. Mdogo ana miaka 3, mkasi bado unamshinda, hivyo kazi yake ni kuchana, kubonyeza na kupaka gundi mahali pasipohitaji gundi.

Mwaka huu waliomba pango zima, na tulilifinyanga kwa unga na chumvi. Vipimo navijua kwa moyo: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji yasiyozidi kikombe kimoja, unayamimina kidogo kidogo huku ukikanda mpaka donge liache kunata mikononi. Nakutajia vipimo kwa makusudi, kwa maana wifi anasema alilazimika kuingilia kati kwa kuwa sanamu zilikuwa zimeanza kupasuka. Hazikuwa zimeanza kupasuka. Sanamu ya unga hupasuka pale inapokaushwa kwa moto mkali, nje ikawahi kukauka na ndani bado mbichi. Mimi nilizikausha kwa moto mdogo kabisa wa oveni kwa saa nyingi, nikizigeuza. Ufa ulikuwa mmoja tu, kwenye shingo ya ngamia, na shingo ya ngamia haina uhusiano wowote na mgongo wa kondoo.

Wala sina ugomvi na vanishi. Ningeipaka mwenyewe, kwa sababu chumvi hufyonza unyevu wa hewani, na sanamu isiyofungwa vizuri hulainika na baadaye kuota kuvu, kwa hiyo anayepaka vanishi anafanya jambo la busara na nalikubali hadharani. Ila vanishi hupakwa juu ya kitu kilichopo. Haihitaji kitu hicho kifutwe kwanza.

Nilipomuuliza, kwa sauti ya chini kabisa, mume wangu ni shahidi, alinijibu kwamba pango ni jambo takatifu na halistahili kuwa na punda wa miguu mitatu. Ni kweli punda alikuwa na miguu mitatu, mkubwa alimfinyanga hivyo na kumwegemeza kwa Yosefu, akasema amechoka kwa safari. Sasa ana minne. Nilitaka kumkumbusha wifi, ambaye husali kuliko mimi, kwamba Fransisko wa Asizi alipoandaa lile pango la Greccio, kule Italia, mwaka 1223 hakuweka sanamu zilizopakwa rangi, bali hori, majani makavu, na ng'ombe na punda walio hai, na sidhani kama punda yule alisuguliwa na mtu yeyote kabla ya Misa. Sikumwambia. Nilikwenda kuoga.

Tena kuna hili la Mamajusi, ingawa ni dogo na silihesabu. Mkubwa alikuwa amewapanga juu ya rafu ya vitabu, mbali na pango, wawe wanasogezwa kidogo kidogo mpaka wafike siku ya Epifania, tarehe 6 Januari, na hori lilikuwa tupu kwa kuwa Mtoto halazwi humo kabla ya mkesha. Wifi aliwakusanya wote, akawapanga mbele ya hori, na Mtoto amelazwa tayari. Safari yote ikaisha usiku mmoja. Lakini silihesabu.

Ninayemhesabia ni mume wangu. Alipoona uso wangu asubuhi ile alisema, "Ni unga na chumvi tu, mtakanda tena." Akavaa viatu. Dada, yeye ndiye aliyemshika mdogo mkono siku ile tunafinyanga, akambonyezea kile kidole gumba kwenye mgongo wa kondoo, wakacheka wawili hao mpaka maji ya rangi yakamwagika, na ni yeye aliyesema tusiliguse shimo lile, tuliache hivyo hivyo. Leo ni unga na chumvi tu. Swali langu kwako, na ndilo hasa lililonifanya niandike, ni hili: nimwelezeje mwanamume kwamba unga ule uliacha kuwa unga pale alipoushika yeye mwenyewe? Kwa maana ukimwambia maneno mawili kuhusu dada yake husikia kumi, na mimi sitaki kuonekana mke anayegombanisha ndugu waliolelewa chungu kimoja.

Naomba pia usinishauri nimwombe wifi aondoke. Sitaki aondoke. Nikiwa zamu ya usiku ni yeye anayewalaza wanangu, anawaogesha vizuri, anawasimulia hadithi ambazo mimi sizijui, nao wanampenda. Kuna jambo lake ambalo sote katika ukoo tunalijua na hatulisemi, nami silisemi hapa, isipokuwa nakuomba uamini kwamba nimelifikiria usiku huu wote na ndilo linalonifunga mdomo. Angalau aondoke kwa wiki moja, hadi mkesha upite, ili nyumba ipumue. Au aende kwa mama mkwe kisha arudi. Sijui. Sitaki aondoke.

Wala sitaki aniombe radhi. Alikesha akifanya kazi ile, aliona anatupa zawadi, na mtu aliyekutolea usiku wake humwambii akuombe radhi. Neno moja tu la samahani lingetosha, hata lisiwe kwangu, amwambie yule mdogo, kwa sababu yule mdogo alikwenda pangoni asubuhi ile kama kawaida yake, akamtafuta kondoo wake, akaweka kidole gumba mgongoni, kikateleza, akakiweka tena, kikateleza, kisha akaniangalia na kuniambia kondoo wake amekwenda. Nilimwambia kondoo ni yule yule. Alikataa. Alimtafuta chini ya meza. Na wifi alikuwa amesimama pale pale na kikombe chake cha chai, akasema, "Atasahau." Pengine atasahau. Ana miaka 3, na hata mimi sikumbuki lolote la umri huo. Lakini mimi sitasahau, na kidole kile hakitakuwa tena kidogo kiasi kile Krismasi ijayo, hilo wifi hakulifikiria, au alilifikiria akaona laini ni bora.

Watu huniambia, "Si umfinyangie mwingine?" Nimekwisha kanda donge jingine. Liko kwenye friji, nimelifunga kwenye mfuko lisikauke, na linaweza kukaa siku chache tu kabla halijaanza kutoa maji na kuwa tope. Kwa hiyo usidhani nimekaa tu nalia. Tatizo si donge, tatizo ni mkubwa.

Mkubwa hakulia. Alipoamka na kuziona sanamu zile alipiga makofi, akasema shangazi amezitengeneza kweli kweli, akamkumbatia, na nakiri zilipendeza machoni pake. Mimi nilitabasamu kama mtu mzima. Tangu hapo kila nikimpa karatasi aanze mnyororo mwingine, ananirudishia na kuniambia, "Mama, nirekebishie kwanza, halafu mimi nitabandika." Alianza kuchora kadi ya bibi yake, akachora nusu, akaikunja akaitia mfukoni, na nilipoifua suruali nikaikuta: ilikuwa malaika mwenye mikono mirefu kuliko mabawa, malaika mzuri, na amemfuta uso kwa kifutio mpaka karatasi ikatoboka. Juzi alimpelekea shangazi yake nyota amkatie pembe. Mtoto huyu mwaka jana alibandika nyota zake mpaka kwenye mlango wa choo, hakuomba ruhusa ya mtu.

Sasa wifi anaona hilo ni ushindi. Anasema mtoto ameanza kupenda kitu kizuri, na kwamba mimi ninawalea katika kuridhika na ovyo. Neno hilo alilisema mbele ya mama mkwe, na mama mkwe akaitikia. Ovyo! Kama kufinyanga pango zima la watu na wanyama na watoto wawili, mmoja wao akila donge lenye chumvi ya kumtapisha mtu mzima ukigeuka tu, ni kazi ya ovyo, basi na aje aifanye mchana, wakiwa macho, badala ya kuifanya usiku wakiwa wamelala. Samahani, Dada, nimepandisha sauti. Lakini ona: kazi ya kutengeneza na watoto ni watoto wenyewe. Ukiwaondoa watoto ikawa nzuri, umetengeneza kitu kingine, na kitu hicho kingeweza kununuliwa tukalala wote.

Nisichokijua ni namna ya kumwambia mtoto wa miaka 6 kwamba kazi yake ni nzuri, baada ya yeye mwenyewe kuona kwa macho yake kazi iliyo nzuri kuliko yake. Si mjinga. Nikimsifu ananitazama anione kama namdanganya, na kwa kweli punda wa shangazi yake anasimama na wa kwake alikuwa haanguki kwa sababu ya Yosefu tu. Je, nimwache apumzike na mapambo mwaka huu, nisimlazimishe, au nikimwacha ndiyo ameacha moja kwa moja? Nimejaribu kutengeneza vibaya mimi mwenyewe mbele yake, nikakata nyota ya kuchekesha, akaichukua bila kucheka na kuinyoosha pembe.

Pia nimewaza jambo ambalo usimwambie mtu. Nimewaza donge lile la kwenye friji nimpe wifi, tuketi wanne mezani mchana kweupe, yeye na mimi na watoto, na sharti liwe kwamba kila mtu hagusi sanamu ya mwenzake. Pengine angeona kinachotokea pale mdogo anapobonyeza. Pengine mkubwa angemwona shangazi yake naye akikosea, kwa sababu mikono ya kazi au la, donge lile likiwa na maji mengi humshinda yeyote. Kisha nawaza kwamba nikimkaribisha nitakuwa nimekubali alichofanya, na kwamba kabla donge halijakauka atakuwa amekwisha kuwanyoosha wote masikio ya punda, nami nitasema neno ambalo halirudi, mbele ya watoto, wiki ya Krismasi.

Mume wangu nilimgusia mpango huu jana akasema, "Fanyeni, mbona rahisi." Kwake kila kitu cha nyumbani ni rahisi.

Basi naomba unishauri, nimkaribishe mezani au nisubiri siku atakayokwenda sokoni nifinyange na wanangu peke yetu? Na yule kondoo laini, nimwache pangoni pamoja na mpya, au nimtoe? Nikimtoa wifi ataona, nikimwacha mdogo atamwona. Nijibu kabla ya mkesha ukiweza, hata kwa mistari michache, kwa sababu donge halitanisubiri.

Ni mimi msomaji wako,
Mama wa Wawili