Ile hela ya sindano ya pili

Mwanangu,

Juzi simu ilikatika ukiwa bado unanifokea na mi salio lilikuwa limeisha, nikaona bora nikuandikie maana kwenye simu hunipi hata nafasi ya kupumua. Ni kweli mama, ile hela uliyotuma ya sindano ya pili ya mgongo, sindano sijachoma. Na sijainywea bia, usianze.

Unajua mwenyewe ule mguu ulivyonitesa. Watu wanasema mgongo mgongo, kumbe shida kubwa ilikuwa mguu, maumivu yanaanzia kiunoni yanapita takoni yanashuka pembeni mpaka kidole gumba kama shoti ya umeme, kupiga chafya tu naona nyota. Miaka 22 kwenye siti ya lori, Dar Tunduma, Tunduma Dar, lazima kitu kiachie. Mtaani nilishachomwa sindano za tako hata hesabu sina, dawa ikiisha nguvu usiku narudi palepale. Picha ya MRI ndo ikasema, diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya 4 na ya 5 ya kiuno, imepasuka. Daktari akanichorea michoro mingi nikamwambia dokta nimeelewa, ni kama tairi, ukuta umechanika sasa tyubu inachungulia nje. Akacheka akasema ndo hivyo hivyo, ila hii tyubu imeegemea mshipa wa fahamu na ule ute wake unauwasha mshipa unavimba.

Ulisema umesikia sindano ya mgongo inapoozesha. Nilimuuliza hilo hilo kabla sijavua shati. Hakunificha, alisema madhara makubwa yapo ila ni nadra sana, na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba hizi dawa za steroidi, zile za kushusha uvimbe, zikichomwa karibu na uti wa mgongo zinaweza kuleta kiharusi, upofu, hata kupooza. Ndo maana siku hizi hawapapasi kwa kidole wakabahatisha, wanachoma huku wanaona kwenye eksirei. Akanichekesha pia, eti mwaka 1901 kule Paris madaktari walikuwa wanachoma kokeini kupitia mkiani mwa mgongo! Nikamwambia ya kwangu isiwe hiyo, nina mjukuu.

Siku yenyewe ya ile sindano ya kwanza waliniuliza kwanza kama natumia dawa za kuyeyusha damu, kama nina aleji, na sukari yangu ikoje. Nikalala kifudifudi mto chini ya tumbo, juu yangu limashine limejikunja kama herufi C. Wakanisafisha, wakachoma ganzi ya ngozi, hiyo inachoma kama siafu basi. Halafu sindano ndefu nyembamba, daktari anasogeza kidogo anatazama kwenye skrini, anasogeza tena. Kabla ya dawa aliingiza kwanza maji ya rangi yanayoonekana kwenye eksirei, nikageuza shingo nikaona mstari mweusi unatembea kuufuata mshipa wa fahamu, akasema hapo sasa, tupo penyewe na hatupo ndani ya mshipa wa damu. Alipoingiza dawa ule mguu ukaniuma vilevile kama siku zote nikapiga kelele, yeye anafurahi! Anasema hiyo inaonyesha ndo mshipa wenyewe. Dakika 20 hivi imekwisha. Mguu ukawa mzito mpaka jioni, ndo maana mjomba wako aliendesha.

Siku mbili za kwanza hamna kitu, nikasema nimeliwa. Siku ya nne nikaamka nikavaa soksi mwenyewe mama, mpaka mama yako akaja kuchungulia. Ila sukari ilipanda ikafika 15, siku tano inanisumbua, hilo sikukwambia ndo nakwambia leo.

Sasa sikiliza hapa. Nilivyorudi kliniki nilikuwa na hela yako mfukoni kabisa. Daktari akaniuliza mguu ukoje, nikasema umebaki kama robo ya yale maumivu. Akasema basi ya pili ya nini? Ile dawa inashusha uvimbe tu, tyubu haiirudishi ndani, na hizi sindano hazichomwi ovyo ovyo kwa mwaka, tena mimi na sukari yangu hii. Diski nyingi za hivi mwili wenyewe unazinyausha taratibu, sindano inakupa upenyo tu wa kukaza misuli wakati maumivu yametulia. Nami upenyo wa kwanza niliupoteza nusu, nilivyojisikia vizuri nikaenda kunyanyua gunia la mahindi, mama yako alikuambia au alinifichia?

Kwa hiyo hela imeenda fizio, yale mazoezi ya tiba ya misuli, mara mbili kwa wiki. Nalala chali nakunja magoti nanyanyua kiuno, jirani alinikuta uani akadhani nimeanguka. Na natembea kila asubuhi mpaka sokoni na kurudi.

Nikipata ganzi huku chini sehemu za siri, au mkojo ukigoma, au mguu ukilegea, nakimbia hospitali siku hiyo hiyo hata iwe usiku, hayo nimekariri na mama yako pia kakariri. Mengine usiwe na wasiwasi.

Risiti za fizio zote ziko kwenye ile bahasha kubwa ya MRI juu ya kabati, ukija sikukuu utazikagua mwenyewe maana nakujua.

Baba yako