Ushungi wa rangi ya yunifomu una kosa gani?

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mombasa, yunifomu za shule huu mwaka wa 19 nashona, na ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili, nasema mapema ili mtu asianze kunitafutia sababu. Nimechoka, kila stori ya hijabu shuleni ikitokea lazima mtu arushe ile ya "Kenya haina dini" alafu anajiona ashamaliza mjadala.

Januari 2024, ile Fomu Wani ya mwisho ya KCPE, mtihani wa darasa la nane, alikuja mama mmoja dukani na binti yake na ile karatasi ya shule, wazazi mnaijua, sketi mbili za bluu ya kukolea, mashati, tai, soksi, ndoo, na mambo mengine hata huelewi ni ya nini. Shule ni ya bweni, iko bara huko, mfadhili ni kanisa lakini ni ya serikali, walimu wameajiriwa na TSC, tume ya serikali ya walimu. Mtoto alijaza shule zake, kompyuta ya wizara ikampangia hiyo. Mama akaniambia fundi, nikatie na ushungi mbili kwa kitambaa hicho hicho cha sketi. Nikamwambia mama hicho kizito kitamchoma shingo, nikatafuta chepesi, nikatoka nacho mlangoni kwenye mwanga nikakilinganisha na sketi mpaka rangi zikaingiana, nikapinda ukingo kwa uzi ule ule. Binti akajitanda mbele ya kioo, akageuka huku na huku, akacheka.

Wiki tatu baadaye mama huyo karudi na zile ushungi kwenye mfuko, ananiuliza kama naweza kumuuzia mteja mwengine. Getini mtoto aliambiwa avue, hapa ni shule si madrasa. Moja haikuwa imefunguliwa hata, mikunjo ya pasi yangu iko vile vile.

Sasa tuje kwa hiyo Kenya isiyo na dini. Katiba ya 2010, ibara ya 8, inasema hakuna dini ya taifa, basi, haikusema mtoto akifika getini aache dini yake kwa soja kama simu. Ibara ya 32 ndio hiyo tena inampa kila mtu haki ya kuionyesha dini yake. Na hiyo shule yenyewe isiyo na dini, asubuhi paredi ni maombi, Jumapili ibada, msalaba uko ukutani, na mimi sina neno na msalaba manake ni wangu. Lakini vipi msalaba wa ukutani uitwe desturi ya shule alafu mita moja ya kitambaa kichwani kwa mtoto ndio iitwe udini? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili kazi ya kulea watoto kiroho, sawa, ila inamwambia pia alinde imani za wengine. Hiyo nusu ya pili huwa haisomwi.

Kuna wanaotupeleka Ufaransa, eti kule wamekataza tangu 2004 na mwaka 2023 wakaongeza abaya. Ni kweli, lakini Ufaransa walitenganisha kanisa na serikali tangu 1905, shule ya umma kule haina mfadhili wa kanisa wala haitundiki msalaba darasani. Mimi sikubaliani nao hata hivyo, ila angalau wamekata pande zote. Anayetaka Ufaransa ailete yote.

Alafu hii ya kusema Supreme Court ilikataza hijabu, jamani. Ile kesi ya shule ya Isiolo ilianza 2014 kwa wasichana kutaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na yunifomu, kanisa linalofadhili shule likashinda High Court 2015, Court of Appeal ikapindua 2016 ikasema wanafunzi hao waruhusiwe, ndio Januari 2019 Supreme Court ikapindua tena, lakini kwa sababu ya vile ombi la mzazi liliingizwa kortini, utaratibu tu, wakasema anayetaka aanze upya High Court. Mwaka huo huo High Court ikamrudisha darasani yule msichana wa Kirasta wa Nairobi aliyefukuzwa sababu ya nywele. Kwa hivyo nywele zina hukumu, ushungi bado uko hewani, na kila prinsipo anajiamulia.

Wanasema eti watoto wataficha simu na mwakenya, zile karatasi za kuibia mtihani, ndani. Mimi nimeshaombwa na watoto, wavulana tena, niwawekee mfuko wa siri ndani ya bleza, nikakataa. Mbona bleza hazijapigwa marufuku? Siku ya mtihani mwalimu wa kike amkague mtoto pembeni, imeisha.

Ninachotaka kwa wizara ni mistari miwili kwenye waraka: ushungi wa rangi ya yunifomu, bila marembo, kwa anayetaka, shule zote za umma. Na iwe huku na huku, mtoto wangu Mkristo akipangiwa shule yenye mfadhili Muislamu asilazimishwe kujitanda. Najua mtasema fundi anatafuta biashara, ushungi mmoja nachukua shilingi 250, haunijengei nyumba.

Zile mbili nilimrudishia mama pesa yake, ziko kabatini hapa sijaziuza. Binti hakuhama, anasoma huko huko kichwa wazi. Mama yake anasema siku wakifunga, akishakaa tu kwenye basi anachomoa mtandio kwenye begi anajitanda, hata Mtito Andei, nusu ya njia, hawajafika.

Fundi wa yunifomu,
Mombasa