Barua kwa mwanangu aliye ng'ambo ya daraja

Mama Neema,

Barua hii anakuletea yule mama wa dagaa. Isome hapo hapo jikoni wakati anakupimia, kisha umrudishie mkononi. Usiifiche chini ya godoro wala kwenye begi la mtoto. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu yako si yako tena. Nikipiga nasikia kabisa imewekwa spika, na kuna mtu anapumua.

Zamani sababu ilikuwa kivuko. Foleni ya Busisi, mama, nitalala njiani na mtoto. Nikakubali. Daraja limefunguliwa Juni 2025, watu wanavuka kwa dakika chache, na wewe bado huji. Sasa mtoto ana mafua. Halafu mitihani. Halafu baba Neema hana nafasi ya kukuleta. Tangu lini mwalimu mwenye mshahara wake analetwa kwao kama mzigo? Mimi muanika dagaa wa Kirumba nimezaa mwalimu wa hesabu, ukanitoa kimasomaso mbele ya ukoo mzima, leo mwalimu wa hesabu anahesabiwa chenji.

Siku ya msiba wa bibi ulikuwa unaparua sato na wenzio, simu ikaita. Ukajifuta mikono kwenye kanga haraka haraka mpaka magamba yakabaki kwenye kioo, ukaizungusha kamera ili aone kila aliyekaa: huyu shangazi, huyu mama mdogo, yule mpishi. Huku unacheka. Nao wakacheka, wakasema mume anakupenda. Jioni ukamwomba Mangi wa dukani akuandikie risiti ya kipande cha sabuni. Kipande cha sabuni!

Nilipokuita pembeni ukanijibu, "Mama, hajawahi kunipiga." Sikukuuliza kama anakupiga. Nilikuuliza kadi yako ya benki iko kwa nani.

Kwenye kikoba chetu alikuja dada mmoja mwanasheria. Alivyokuwa anaeleza mtu anavyotawaliwa ndani ya ndoa bila kupigwa, nikadhani anakusimulia wewe. Mambo haya huanza kwa mapenzi mengi: nipe namba ya siri ya simu, tusifichane, yule shoga yako simwelewi, mshahara tuweke pamoja tujenge. Kila jambo likitajwa peke yake halina ubaya. Mwisho wa siku mtu anaomba ruhusa ya kwenda kusuka, na akikataliwa anashukuru kwamba angalau leo hakununiwa. Ndiyo maana anayefanyiwa hajui aanzie wapi kusimulia; akilitamka anaonekana analalamikia vitu vidogo, na yeye mwenyewe anajiona ndiye mkorofi. Alisema Uingereza na Wales tangu 2015 kumtawala mwenzako hivyo ni kosa la jinai, mtu anaweza kufungwa hadi miaka 5 bila kumnyanyulia mwenzake mkono. Kwetu, Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kumchapa mwenzake, na ukatili wa kiakili nao mahakama inaupima mtu akiomba talaka. Mama mmoja akadakia kwamba hiyo ndiyo ndoa, tuvumilie. Nusura nimjibu vibaya. Halafu nikakumbuka tulivyoongea siku ya kicheni pati yako, nikainama kwenye daftari la hisa.

Watu wanauliza, mbona msomi na hatoki? Mbona akisemwa mumewe anamtetea? Mtu akishajua kwamba geti likifunguliwa kwa namna fulani usiku utakuwa mbaya, anajifunza kupika mapema, kunyamaza, kucheka, kukiri kosa ambalo si lake ili mtoto alale. Hiyo ni akili inafanya kazi usiku na mchana, wala si ujinga. Na anamtetea mbele za watu kwa kuwa maneno yatamfikia mume kabla yeye hajafika nyumbani. Wengine huondoka wakarudi, wakaondoka tena, wakarudi tena. Sisi tulio nje tunachoka mapema sana. Mimi sijachoka, ila usinidanganye mafua kila wiki.

Kadi iko kwa nani, Mama Neema?

Sikuambii uondoke kesho. Hatari hupanda zaidi pale mwanamke anapoondoka, au anapotamka tu kwamba ataondoka. Kwa hiyo usimtishie kwa hasira, na mimi usinitaje. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo, si lazima uanzie hapo Sengerema anakojuana na watu. Hapa Mwanza kuna Kivulini, wapo tangu 1999, wanasaidia wanawake mambo ya sheria. Akikuambia utatoka mikono mitupu, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali. Na akidai ng'ombe wake wa mahari, hilo muachie baba yako. Ndio walioezekea hii nyumba, na siku hizi baba yako hataki hata watajwe.

Vyeti vyako vya chuo ninavyo, viko kwenye sanduku langu. Cha kuzaliwa cha Neema toa kopi, weka chini ya ndoo tupu ya dagaa, kitanifikia. Siku ukitaka kuchukuliwa, piga hata kwa hiyo spika, useme michembe imeisha. Usiongeze neno. Mjomba wako mwenye gari ya samaki anajua maana yake. Usiseme kwa mzaha, maana atakuja kweli.

Mbalamwezi ilituharibia biashara, wavuvi walikaa bure. Sasa giza limerudi na sokoni Mwaloni dagaa wameanza kushuka bei, ndiyo maana nimekujazia ndoo. Bati la jikoni linavuja pale pale, fundi kala hela kapotea. Mdogo wako anataka kuacha shule akavue. Ungeongea naye, wewe anakusikiliza.

Mwambie mama wa dagaa namba ya kiatu cha Neema. Na zile ndoo mbili nyeupe za mwezi uliopita zirudi, mfuniko wa bluu si wetu.

Mama yako