AFCON 2027 isije ikawaacha mama lishe nje ya uzio

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, najua mnapokea barua nyingi za mpira ila hii yangu haihusu kocha wala usajili, inahusu chakula. Kila siku tunasikia maandalizi ya AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, tutakayoandaa sisi na Kenya na Uganda, mara hoteli, mara barabara, mara uwanja mpya wa Arusha wa watu 30,000, na yote hayo mimi nayaunga mkono kwa moyo wangu wote, lakini sijasikia mtu hata mmoja akimtaja yule mama anayekaanga mihogo nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Na kwangu mimi yule mama ni wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa, kama ilivyo jezi.

Nieleze kwa nini nasema hivyo, maana mwingine ataona nakuza jambo dogo.

Mi ni mtu wa Temeke, nimezaliwa huku na nimezeekea huku. Kijiwe chetu cha kahawa pale Tandika tumekaa watu walewale tangu ujana, tumesoma shule moja, tumecheza chandimu uwanja mmoja ambao sa hivi una maghorofa, tumezikana wazazi, sasa hivi wengi wetu tunaitwa babu. Nusu ni Simba nusu ni Yanga. Wiki ya derby ya Kariakoo hapo hapakaliki, kuna wazee wazima wanahamisha viti wasikae karibu, mtu anakunywa kahawa yake kageukia ukutani. Lakini siku Stars inacheza kunakuwa na benchi moja tu, na sahani ya mihogo inapita mkono kwa mkono, kachumbari juu na pilipili ya kupondwa pembeni, huulizi wa Msimbazi nani wa Jangwani nani. Kila mtu ana TV nyumbani kwake, kubwa kuliko ile ya kijiweni, lakini tunakuja pale, na tunakuja kwa sababu ya kula pamoja.

Nitatoa mfano mmoja ambao mpaka leo nikiukumbuka nafurahi. Kuna wenzetu wawili waligombana kwa ajili ya mpaka wa viwanja vyao huko Chanika, ugomvi mbaya, wakapelekana mpaka baraza la kata, wakawa hawasalimiani kabisa. Tukawasuluhisha sisi, wakasuluhishwa na shehe, ikashindikana. Sasa tarehe 24 Machi 2019 tunacheza na Uganda, tunataka kwenda AFCON Misri, Msuva kafunga, Erasto Nyoni kafunga penalti, Aggrey Morris akaweka la tatu, 3-0, jamani mtaa ulilipuka. Mmoja wao kanyanyuka kaenda kwa mama pale kaagiza mihogo na pweza kwa benchi zima, na sahani ya kwanza kampelekea mwenyewe kwa mkono wake yule aliyegombana naye. Akapokea. Wakakaa wanakula, wakaanza kubishana kama Samatta alitakiwa atoe pasi au apige, yaani kama vile hakujawahi kuwa na kesi. Ule mpaka wakaja kuumaliza wenyewe baadaye.

Vijana waelewe ile siku ilikuwa na uzito gani. Mara ya mwisho kabla ya hapo tulikwenda 1980 kule Lagos, miaka 39! Sisi tulikuwa watoto, 1979 tumejazana dirishani kwa jirani aliyekuwa na redio, Stars iko Ndola na Zambia, hapa Dar tulishawafunga 1-0, kule wakatangulia wao, halafu Peter Tino akasawazisha, tukafuzu kwenda Lagos. Ule mwaka nchi ndo imetoka kwenye vita vya Kagera, hali ngumu, sukari ya foleni, sabuni ya foleni, lakini ile jioni mama mwenye nyumba alichemsha magimbi sufuria zima akagawa kwa kila mtoto aliyekuwa dirishani na chai ya rangi. Nimesahau mambo mengi ya utoto ila ladha ya yale magimbi ipo, na jina la Peter Tino lipo palepale pamoja nayo. Lagos wenyeji Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare na Ivory Coast 1-1, tukarudi. Halafu ndo kimya kile kirefu.

Na baada ya 2019 tumeumia sana pia, ile mechi na Kenya tuliongoza mara mbili tukafungwa 3-2, nilimwona mtu mzima analia. AFCON ya kule Ivory Coast tukapata sare mbili tukatolewa. Mpaka majuzi Morocco, Desemba 2025, Feisal Salum kasawazisha na Tunisia, pointi zetu mbili zikatosha, tukavuka makundi kwa mara ya kwanza tangu nchi hii iumbwe, tukaenda kufungwa na wenyeji 1-0 tu, tena kwa mbinde. Mwenzetu mmoja ambaye kazi ilimhamishia Mwanza akastaafia hukohuko, siku ya Stars lazima apige simu, na swali lake la kwanza siyo kikosi, anauliza leo mmekula nini. Usiku ule wa Tunisia nilimwambia tunakula wali wa nazi na samaki wa kupaka, akanyamaza kidogo akasema basi leo tunavuka. Yeye huko alikuwa na sato wake.

Sasa nije kwenye hoja yenyewe Mhariri.

Siku ya mechi kubwa pale uwanjani, zunguka tangu upande wa Barabara ya Mandela mpaka ule wa Chang'ombe, kuanzia saa nne asubuhi moshi umeshapanda. Machungwa ya Muheza yamemenywa yamepangwa kwenye toroli, miwa inakamuliwa na ndimu na tangawizi, mayai ya kuchemsha, karanga, ubuyu, mishkaki, chipsi mayai, mzee wa kahawa anapita anagonganisha vikombe na kashata zake. Uwanja unaingiza watu 60,000, na wengi wamefika mapema kuliko mechi, wengine wamesafiri na mabasi kutoka Morogoro, Tanga, Dodoma, wana njaa na mfukoni wana hela ya kawaida. Wanaowalisha ni kina mama walioamka saa kumi alfajiri kumenya mihogo, na wengi wao ni walewale miaka nenda rudi, wanatujua mpaka majina, akikuona peke yako anakuuliza mwenzio yuko wapi. Nimeshaulizwa hivyo kwa rafiki yangu ambaye alikuwa amefariki, ikabidi nimwambie, yule mama aliweka chini mwiko akakaa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita mchuuzi tu ukampitishia tingatinga.

Lakini mashindano makubwa yana taratibu zake, kuna wadhamini, eneo la kuzunguka uwanja linawekewa uzio na ndani yake zinauzwa bidhaa za wenye mikataba. Afrika Kusini 2010 wachuuzi wengi waliokuwa wakiuza vyakula jirani na viwanja walijikuta wako mbali na mpira wenyewe, Kombe la Dunia liko kwao na biashara hawana. Hicho ndicho ninachokiogopa. Na hofu yangu haitoki hewani, wafanyabiashara wadogo wanajua ikija ziara ya mgeni mkubwa kinachotangulia ni gari la kubeba meza zao.

Ila inawezekana kabisa kufanya vingine, na mfano upo. Brazil kuna mji unaitwa Salvador, uko Bahia, wazee wao wengi walipelekwa kule utumwani kutoka Afrika Magharibi. Pale kuna kina mama wanavaa magauni meupe na vilemba wanauza bajia za kunde, kunde zinalowekwa, zinatolewa maganda, zinasagwa na kitunguu, zinakaangwa kwenye mafuta ya mawese. Wao wanaziita acarajé, Mnigeria anaziita akara na anakula asubuhi na uji, sisi bajia zetu tunazijua, za kwetu tunakula na chatne ya nazi. Kabla ya Kombe la Dunia la 2014 wale kina mama waliona wanakwenda kuachwa nje ya uwanja wao wa Fonte Nova, basi hawakukaa kimya, wakakusanya saini, wakapaza sauti nchi nzima, mpaka FIFA ikakubali wachache wao wauze palepale uwanjani, wakaanza na Kombe la Mabara 2013. Walikuwa wachache lakini walikuwepo, na mgeni aliyefika Bahia kwa ajili ya mpira alikula chakula cha Bahia kimepikwa na mama wa Bahia.

Sasa hebu fikiria Mnigeria au Msenegali anashuka Dar 2027, anatoka uwanjani, anakuta bajia za kunde za moto, atajua yuko Afrika na yuko kwa ndugu. Kuna fahari gani kubwa kuliko hiyo? Tusije tukamkaribisha mtu kwetu halafu tukampa baga ya kwenye boksi ambayo angeila popote.

Wapo watakaosema vyakula vya mtaani ni vichafu, wageni wataugua. Mimi nawaambia waende Forodhani Zanzibar. Ile bustani ilikarabatiwa kwa msaada wa Aga Khan ikafunguliwa tena 2009, wauzaji wakarudi, taa zipo, sehemu imepangwa, kila usiku wazungu wanapanga mstari wanakula urojo na mishkaki ya pweza na wanalipa. Mpishi anataka maji ya bomba, choo karibu, pipa la taka linalotolewa kwa wakati na kupimwa afya kama sheria inavyotaka. Vitu hivyo vinne vikikosekana hata mpishi wa hoteli ya nyota tano atapika uchafu.

Ombi langu ni kwamba wanaokaa vikao na CAF, shirikisho la mpira la Afrika, waliweke hili mezani mapema kabla ramani hazijachorwa, wasisubiri mwezi mmoja kabla. Itengwe sehemu ndani ya eneo la uwanja, siyo kilomita mbili huko, na ipewe wale waliokuwepo. Nasisitiza waliokuwepo, maana najua kitakachotokea, ikishasikika kuna nafasi zitakuja kampuni zenye mahema mazuri na vijana waliovaa fulana zinazofanana, na wale kina mama wataambiwa fomu zimeisha. Serikali za mitaa za Temeke zinawafahamu, wengine walishalipia hata vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, majina yapo.

Na hela pia ipo kisheria. Kila halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kuanzia sasa mpaka 2027 vikundi vya mama lishe wa Temeke vinaweza kukopeshwa majiko ya gesi, matoroli ya vioo, ndoo za bomba za kunawia, sare kama wakitaka. Uwanja wa Amaan kule Zanzibar nao wafanye hivyohivyo na watu wa urojo na mabajia yao. Arusha kuna mtori, kuna ndizi nyama, kuna loshoro la Wameru na Waarusha, mbona mtu atakula mpaka asahau alifungwa! Kuna kijana wa Kibosho ninamfahamu anauza mtori huku Temeke kwenye chupa kubwa za chai, saa mbili asubuhi umekwisha, kijana wa namna hiyo apewe meza Arusha muone.

Bei nazo zisiguswe. Ikianza kodi ya meza ya laki kadhaa kwa siku basi muhogo utauzwa bei ya kuku na sisi wenyewe tutakula nyumbani kabla ya kuja.

Kijiweni kwetu tumeshaanza kuweka akiba ya tiketi, kila Ijumaa mtu anatoa alichonacho kinaandikwa kwenye daftari, wa Simba na wa Yanga daftari moja, na yule wa Mwanza anatuma kwa simu. Tumeshakubaliana mechi ya kwanza ya Stars tutakwenda wote tulio hai, na waliofariki watawakilishwa na watoto wao. Tungependa tukitoka pale mama yetu awepo.

Na nyie Mhariri nawaomba kitu kimoja, mechi ijayo ya Stars hapa Dar mtumeni mwandishi wenu aje mapema, saa nne asubuhi, asikae na wageni waalikwa kule juu, azunguke huku nje na kalamu yake awaulize kina mama wenyewe wameambiwa nini kuhusu 2027. Ninavyowajua, ataambiwa kwanza akae ale.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi,
Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.