Trigliseridi zimepanda? Tazama glasi kabla ya kikaango

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ushauri unaotolewa kwa nia njema lakini unapoteza wengi. Mtu akipimwa damu na kukutwa trigliseridi ziko juu, huambiwa "acha mafuta". Anarudi nyumbani, chupa ya mafuta inafichwa kabatini, kila kitu kinachemshwa. Lakini kilima cha wali mweupe kinabaki vilevile kwenye sahani, tena sasa kimeongezeka maana chakula bila mafuta hakishibishi, na pembeni kuna glasi kubwa ya juisi. Miezi mitatu baadaye namba haijashuka, pengine imepanda. Anakata tamaa.

Trigliseridi ni mafuta yanayosafiri ndani ya damu, nayo huingia kwa milango miwili. Wa kwanza ni utumbo, unaopitisha mafuta tuliyokula. Wa pili ni ini, ambalo hutengeneza mafuta kutokana na sukari, wanga na pombe vilivyozidi mahitaji ya mwili, kisha huyamwaga kwenye damu. Damu ya mtu aliyelala bila kula huonyesha zaidi yale yaliyotoka kwenye ini. Kwa hiyo anayekwepa mafuta na kufidia kwa wanga ameufunga mlango mmoja na kuupanua wa pili.

Kabla ya kubadili chakula, soma namba. Kwa kipimo cha miligramu kwa desilita, chini ya 150 ni kawaida, 150 hadi 199 ni mpakani, 200 hadi 499 ni juu, na kuanzia 500 ni juu sana. Maabara nyingine huandika milimoli kwa lita, na hapo watu hudanganyika: anaona 2.4 anafurahi kwamba ni ndogo. Zidisha kwa 88.5 utapata 212, yaani tayari iko juu. Ukiagizwa kufunga kabla ya kipimo, ni kukaa kwa muda wa saa 8 hadi 12 bila chakula. Maji ruhusa, chai ya sukari hapana. Pombe ya jana usiku nayo inaweza kuipandisha namba. Mwenye kisukari anayetumia dawa aulize kwanza afanyeje siku hiyo.

Kwa walio chini ya 500, ambao ndio wengi, kazi kubwa iko kwenye vinywaji. Chukua soda ya nusu lita, geuza chupa usome lebo. Ikiandikwa gramu 10.6 za sukari kwa mililita 100, zidisha mara 5: gramu 53, sawa na vijiko vya chai 13 hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50. Chupa moja imemaliza hesabu ya siku nzima, na bado hajanywa chai. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, ambayo ikija nyingi kwa mkupuo hulielemea ini. Juisi isiyoongezwa sukari haiponi: matunda manne yamekamuliwa, nyuzinyuzi zimetupwa, yamenywewa kwa dakika mbili. Tule tunda lenyewe.

Kwenye sahani, mboga zichukue nusu, wanga robo, na robo iwe maharage, dengu, samaki au kuku asiye na ngozi. Nafaka isiyokobolewa ni bora, ila robo ni robo hata ikiwa haijakobolewa. Mafuta yasifukuzwe, yabadilishwe: ya alizeti au zeituni badala ya siagi na yale yanayoganda, na samaki wenye mafuta kama sadini mara mbili kwa wiki. Vidonge vya mafuta ya samaki vya dukani visimpumbaze mtu. Kidonge cha gramu 1 mara nyingi kina miligramu 300 tu za omega-3, yaani yale mafuta ya samaki yanayoshusha trigliseridi, ilhali dozi ya tiba ni gramu 4 kwa siku, chini ya daktari.

Aliyefika 500, na hasa aliyepita 1,000, kanuni inageuka. Hapo mfumo wa kusafisha mafuta kwenye damu umezidiwa, kongosho linaweza kuvimba ghafla, na mafuta ya kila aina, hata ya zeituni, lazima yapunguzwe sana. Pombe iachwe kabisa. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni, pamoja na kutapika, ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Mazoezi yana siri moja ambayo haisemwi vya kutosha. Misuli ikifanya kazi huvuta mafuta kutoka kwenye damu, lakini athari hiyo hudumu siku moja au mbili tu. Anayetembea kwa muda wa saa tatu Jumapili, kufikia Jumatano faida hiyo imekwisha. Afadhali dakika 30 kwa siku 5, kwa mwendo ambao unaweza kuzungumza ila huwezi kuimba. Uzito ukipungua kwa asilimia 5 hadi 10, yaani kilo 4 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, trigliseridi hushuka kwa kama asilimia 20.

Kuna ambao watafanya yote haya na namba isitikisike. Chanzo kinaweza kuwa kisukari kisichodhibitiwa, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, ugonjwa wa figo, au dawa kama steroidi na baadhi ya dawa za presha na za VVU. Dawa isiachwe kwa uamuzi wa nyumbani; ipelekwe kwa daktari pamoja na karatasi ya majibu.

Ombi langu kwa wanaoandaa safu za afya: kila mnapoandika "punguza mafuta", andikeni pia ni kwa mwenye namba gani.

Wako,
Mtaalamu wa lishe